Nilipikia Kuruta Wengi Kuliko Vitanda

Kila zikitangazwa nafasi za polisi, vijana mnanijaa hapa Majengo. Mnakaa kwenye benchi langu, mnaagiza uji, halafu mnaanza kuzunguka. Shikamoo mama, biashara inaendaje, watoto hawajambo? Mimi nawaangalia tu. Najua mmeambiwa yule mama wa uji alikuwa kambini, maafande anawajua, akikusemea neno umepita.

Neno sina, wanangu. Mimi nilikuwa mpishi. Nilipikia kuruta miaka mingi, na wakubwa niliowajua wengine wamehamishwa, wengine tumeshawazika. Nilichonacho ni habari. Kaeni niwape, uji ukipoa nitawaongezea wa moto.

Niliingia jikoni pale nikiwa binti mwenye mtoto mmoja mgongoni. Nyumbani kwetu ni Maposeni, ugali nimesonga tangu nikiwa sijafikia mdomo wa chungu, kwa hiyo nilijiona fundi. Siku ya kwanza nikapewa sufuria la kambi, lile unaloweza kumwogeshea ndama. Nikasonga kama ninavyosonga nyumbani, unga wote kwa mkupuo, nazungusha mwiko kwa mikono. Juu ukawa uji, katikati madonge, chini mkaa. Kuruta wakaupa jina, wakauita lami. Kila nikipita mtu anasema, "Mama, leo barabara ya wapi?"

Aliyeniokoa ni Mzee Athumani, mpishi mkuu wetu, Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano na maneno machache. Aliniondolea mwiko mkononi kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akanionyesha kwamba sufuria kubwa halisongwi kwa mikono, linasongwa kwa kiuno, umesimama mguu mmoja mbele kama mtu anayepiga kasia. Unga unaingia kidogo kidogo, moto unavutwa nje kabla ugali haujaanza kuungua chini. Maharage usiyatie chumvi mapema, yatakugomea mpaka kesho. Na kubwa kuliko yote alinifundisha kusimama dirishani wakati sahani zinarudi. Akasema kwata wataifundisha maafande huko uwanjani, ila afya ya kuruta inaonekana hapa dirishani. Anayerudisha ugali mara moja, ana mawazo ya nyumbani. Akirudisha tena na tena, mwangalie macho na midomo. Huyo ni mgonjwa na hajasema, kwa sababu anaogopa kurudishwa kwao.

Shule niliipata ukubwani. Nikitoka jikoni jioni nilikuwa naosha mikono, nakwenda darasa la watu wazima, na harufu ya maharage naingia nayo. Mwalimu alikuwa ananiambia nikae karibu na dirisha. Nikamaliza la saba kwa jioni hizo hizo. Ndiyo maana leo nasoma matangazo yenu ya ajira na kuyaelewa, hata pale yalipoandikwa ili yasieleweke.

Sasa sikilizeni hayo mengine.

Zamani kidogo vijana walikuwa wanatokea kambi za kujenga taifa, wameshakomaa. Kwetu walipita tu, wakala siku chache, wakapakiwa kwenda chuoni huko kaskazini. Halafu mambo yakageuka. Ushirika ukaanguka, viwanda vikafungwa, serikali ikasema haiajiri, tena inapunguza. Walimu wakakaa nyumbani. Mlango uliobaki wazi ulikuwa polisi, maana wezi hawakupunguzwa. Basi kila mwenye kijana akamsukuma kwenye mlango huo. Siku ya usaili uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miti kuangalia ndugu zao wakipimwa kifua.

Chuo nacho kikajaa. Wakaambiwa wakubwa wa hapa waanze kuwafundisha vijana wao hapa hapa, na nafasi zikipatikana wapelekwe wanaotosha vitanda. Kambi yetu ilikuwa ndogo, ilijengwa kwa watu wa kupita. Wakachukua vijana karibu mara mbili ya vitanda tulivyoahidiwa kule chuoni. Mnauliza kwa nini? Kwa sababu kila mkubwa wa mji alikuwa na kimemo chake, mtoto wa fulani, shemeji wa fulani. Hakuna aliyetaka kumkata wa mwenzake. Wakasema wachukueni wote, watachujana humo humo.

Walilala wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Waliokosa walilala chini kwenye ghala. Masika yale vyoo vilifurika, na mimi nilipika nikiwa nimefunga leso puani.

Kati yao alikuwemo Bosko, wa Mpitimbi. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye aibu. Baba yake alikuwa ameshafariki, mama yake alibaki na yeye na wadogo zake. Akipita dirishani hachukui sahani kabla hajasema, "Tumsifu Yesu Kristo, mama." Wenzake walimtania kwamba anabariki maharage. Shida ya Bosko ilikuwa umri. Alisubiri usaili miaka serikali ilipofunga ajira, na sasa alikuwa ukingoni kabisa. Asipopanda lori la safari hiyo, mwaka unaofuata wangemwambia amezeeka. Alinieleza mwenyewe siku anamenya viazi. Alisema hana mlango mwingine, mama.

Mwenzake wa kitanda aliitwa Rashidi, mtoto wa fundi cherehani wa mjini. Huyo alikuwa mdomo mtupu. Alisema Bosko ananuka miguu kama mbuzi wa Krismasi, na Bosko akamjibu kwamba yeye Rashidi Krismasi hajawahi kualikwa, mbuzi wake amemjulia wapi? Walipendana hao.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima viliingiliana. Rashidi anafunga, Bosko anafunga. Mchana Bosko alikuwa anakula kidogo, nusu ya ugali wake anaifunika na sahani ya Rashidi, jioni wanakula pamoja jua likizama. Mzee Athumani aliona, mimi niliona, tukajifanya vipofu.

Siku moja Mkuu wa kambi akaingia jikoni. Hakuwa mtu wa huku, aliletwa kutoka mkoa mwingine, na hakuwa mtu wa kelele. Ningependa niwaambie alikuwa mnyama, ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto, alikuwa ananiulizia wangu kwa majina. Akasimama kwenye moshi, akavua kofia, akasema chuo kimetaja vitanda vyetu na karibu nusu ya hawa hawatapata.

"Nikimkata mtu, kesho nina simu mezani," akasema. "Kuanzia kesho uji wa asubuhi hakuna. Chakula cha jioni punguza. Asiyeweza atajiondoa mwenyewe, na hapo hakuna wa kulaumiwa."

Mzee Athumani akauliza kwa adabu kama mbio nazo zinapunguzwa. Mkuu akasema mbio zinaongezwa.

Ufunguo wa stoo ukachukuliwa. Unga tukawa tunapimiwa na koplo, tunapewa kama sadaka. Nami nikangoja, najua njaa ya kwetu ilivyo miezi ile kabla ya mavuno, nikidhani siku chache tu watu wataanza kufunga mabegi.

Hakuondoka hata mtu.

Mkuu alitega njaa kwa watu ambao tayari walikuwa wamefunga. Waislamu walikula daku ya makombo, wakanywa maji, wakakimbia. Wakatoliki wakasema basi hii ndiyo Kwaresima yetu. Ijumaa walikuwa wanasali Njia ya Msalaba nyuma ya ghala, miguu imevimba, wanapiga magoti kwenye tope. Hata wale waliokuwa hawana dini ya maana wakaona aibu kushindwa na wenzao. Mzee Athumani alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka jikoni mle. Akaniambia, "Mama, bwana huyu amewatishia samaki maji."

Lakini mwili haujui dini, wanangu. Mwili unajua ugali. Bosko alianza kurudisha hata kile kidogo. Sahani inarudi kama ilivyotoka. Nikamwangalia macho, yamerudi ndani, midomo imepasuka. Nikamwambia, mwanangu, Kanisa halimfungishi mtu anayekimbizwa hivi, hata padre atakuambia. Akatabasamu. Akasema ameshamtolea Mungu, na Pasaka ikifika atakuwa chuoni.

Nikaenda kwa Mkuu. Nilivua aproni, nikapiga hodi, nikasema kuna kijana ataanguka, aandikiwe kupumzika, apelekwe hospitali. Akaniuliza kama mimi ni mpishi au daktari. Nikasema mimi ni mpishi, na ndiyo maana najua. Akasema, "Akitaka kupumzika, aseme. Kwao kuna nafasi tele."

Usiku huo nilisali rozari, sikupata usingizi, wala malaika hakuja kuniambia la kufanya. Asubuhi nikachukua unga wangu wa nyumbani, wa mahindi ya Maposeni. Nikapika uji mwepesi wenye chumvi na sukari, nikajaza ndoo, nikajitwisha. Mzee Athumani akabeba vikombe, na yeye amefunga. Tukaenda kusimama njiani, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mlima Matogoro, ambapo kuruta walikuwa wanapita kwenye mbio.

Mvua ilikuwa imekatika, jua la baada ya mvua linachoma kama pasi. Tukawasikia kabla hatujawaona. Kawaida mchakamchaka una nyimbo. Siku hiyo hakukuwa na wimbo, tulisikia viatu tu kwenye tope.

Mkuu alikuwa kwenye gari nyuma yao. Akashuka. Nilijua atapiga teke ndoo. Hakupiga. Aliangalia uji, akaangalia vijana, akawaza, na nikaona uso wake unapata nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akawasimamisha.

"Mama amewaletea uji," akasema. "Anayetaka anywe, simkatazi. Akinywa, amejitoa. Gari litamrudisha kambini achukue begi lake."

Wanangu, uji ule niliubeba kwa mikono hii. Sijutii kuubeba, na nimeshaulizwa na padre pia, nikamjibu hivyo hivyo. Ila muone jinsi dunia inavyofanya kazi. Kitu nilichopeleka kuwanusuru, akakifanya chujio papo hapo.

Wa kwanza kutoka alikuwa kijana mdogo wa Mbinga, analia. Akanywa vikombe viwili. Halafu mwingine. Halafu wakaja kama kumbikumbi, wanakunywa huku wameinamisha vichwa, hakuna anayemtazama mwenzake. Nawapa, nasema kunywa mwanangu, kunywa, na kila kikombe kinamtoa mtu kazini. Koplo anaandika.

Rashidi hakuja, alikuwa na funga yake. Bosko alikuwa amesimama, anayumba. Rashidi akatoka kwenye mstari, akachukua kikombe mkononi mwangu, akampelekea.

"Kunywa wewe. Utakufa kwa ajili ya kofia?"

Bosko akasukuma kikombe taratibu, bila kukimwaga. Akasema, "Mwakani nimepita umri, Rashidi. Wewe unajua."

Kisha akageuka kwangu. Pale pale kwenye tope, midomo ile imepasuka, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, mama."

Nikamjibu, "Milele amina." Ningesema nini kingine?

Wakaendelea kupanda. Alianguka kabla ya kona. Rashidi alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, na gari lilikuwa limejaa waliokunywa uji, ikabidi washuke wampishe. Alifia hospitali kabla ya jioni. Daktari alisema figo, alisema na maji yalimwishia mwilini. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Tulimpeleka Mpitimbi. Nilikwenda na lori la kambi pamoja na kuruta wachache na msaidizi wa Mkuu. Mimi nikashukia jikoni, maana msibani mpishi hakai kitini, nikafunga kitenge na akina mama wa pale, tukaanza kuchuma mboga, hii tunayoiita likolo. Hawakujua mimi ni nani. Waliniita dada wa mjini.

Baada ya mazishi katekista akaita neno la ofisi. Msaidizi akasimama, amenyooka, nguo zimepigwa pasi. Akasema kambi imepoteza kijana hodari. Akasema marehemu alikuwa mcha Mungu, alikuwa amefunga Kwaresima bila kuwajulisha viongozi wake, mwili ukashindwa mazoezi. Akaomba vijana wengine wenye kufunga wawe wanatoa taarifa.

Watu wakatikisa vichwa. Wazee wengine wakasema amekufa kifo kizuri, amekufa amefunga. Nikaona neno lile linakaa, linaota mizizi mbele ya macho yangu.

Mama Bosko alikuwa kwenye mkeka, wanawake wamemshika mikono. Hakuwa analia wakati ule. Akainua kichwa akasema, "Aliyekuwa anampikia mwanangu yuko hapa?"

Msaidizi akaniangalia mimi nilipo, kule nyuma na sufuria. Mnayajua macho ya mkubwa wa kazi? Nilikuwa na watoto wanne, na mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kazini. Nikaweka chini mwiko. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mkeka, kwa sababu yeye ni mfiwa.

"Ni mimi, mama."

"Alikula nini siku ile?"

"Hakula kitu, mama. Jana yake alipewa kidogo, hakuweza."

"Kwa kuwa alikuwa amefunga?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa nusu ya kweli, na ingempoza. Bosko mwenyewe alisema ameshamtolea Mungu. Lakini mimi nafunga kila Kwaresima tangu nikiwa msichana, najua kufunga ni kitu gani.

Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, kufunga ni chakula kiwepo, wewe ukiache kwa mapenzi yako. Mwanao hakuwekewa chakula akakiacha. Tuliambiwa tuwanyime, wote, ili wapungue, kwa kuwa vitanda vya chuoni havikutosha. Nilikuwepo jikoni amri ikitolewa. Bosko njaa yake alimtolea Mungu, hiyo ni yake na Mungu wake. Waliomnyima wasiitumie kujifunika."

Msaidizi akasema mama, kaa chini. Nilikuwa nimeshakaa chini.

Katekista hakujua afanye nini, akaanzisha wimbo. Mama Bosko alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakiweka kifuani kwake, hapo ndipo alipolia. Mpaka leo mavuno yakitoka hunitumia mahindi mabichi, na sijawahi kujua kama ni shukrani au ni kwa sababu mimi ndiye mtu wa mwisho aliyeamkiwa na mwanawe.

Lori la chuoni likaondoka wiki iliyofuata. Vitanda vilitosha. Kwa kweli nafasi moja ilibaki wazi, waliokunywa uji walikuwa wameshatawanyika na hakuna aliyeitwa kuijaza. Rashidi alipanda. Aliniaga dirishani, hakuwa na utani wowote.

Mimi? Lilipokuja zoezi la kupunguza wafanyakazi, nilikuwa wa kwanza kambini, sikuhitaji kutafuta sababu. Jiko likapewa mzabuni aliyekuwa analeta wali kwa ndoo kutoka mjini, umepoa, umegandana. Hakuna tena aliyesimama dirishani kuangalia sahani zinazorudi. Mzee Athumani alirudi Tunduru, amekwishatangulia, Mungu amrehemu. Mkuu alihamishwa, nasikia alipandishwa cheo. Nimemwombea pia. Ilinichukua Kwaresima kadhaa, lakini nimemwombea.

Kwa hiyo mnaponiuliza niwashike mkono, mkono wangu ni huu tu. Nendeni usaili, sikatazi, kazi ni heshima. Kunyweni maji. Msile mahindi mabichi ya kuiba shambani mkiwa kwenye mbio, mtaharisha na mtapigwa. Mkiumwa semeni. Na mkifika, ulizeni wazi wazi vitanda viko vingapi na nyie mko wangapi. Mkisikia wengi mmezidi, ulizeni mtapunguzwaje, na nani ataweka sahihi. Wakisema mtajipunguza wenyewe, nikumbukeni.

Mwezi uliopita kulikuja mtu hapa bandani, mwenye nguo za sare, tumbo limeanza kutangulia. Akasema, "Shikamoo mama, leo barabara ya wapi?" Nikamjua kwa neno hilo, kuruta walirithishana utani wangu. Rashidi. Sasa ni sajenti, tena mkufunzi, ameletwa kufundisha kundi jipya. Tukacheka, tukaulizana watoto. Wa kwanza wake wa kiume amempa jina Bosko, akamwambia shehe limetoka kwa baba yake mkubwa, ndugu wa kambini.

Nikamtilia uji. Nikamwuliza safari hii wamechukua vijana wangapi. Akaniambia. Nikamwuliza vitanda vya chuoni. Akaangalia pembeni, akaniambia na vyenyewe.

Nikamwuliza, "Mtawapunguzaje, baba?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa uji wote mpaka chini, na alipomaliza aliendelea kukishika.